KUFUNDISHA HERUFI NENE ZILIZOBANWA KWA VICHWA VYA CHATI NA MABANGO

Utangulizi

Kila mwaka wanachuo wetu wanapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, hubeba mafurushi ya chati. Wakufunzi tunaowafuata huzikagua chati hizo kwa haraka: je, zina rangi? Je, ni safi? Je, mistari imenyooka? Zikiwa hivyo, huweka alama nzuri katika fomu ya ukaguzi na kuendelea na mengine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba ukaguzi wa namna hiyo hautoshi, na kwamba umbo la herufi ni sehemu ya mbinu za kufundisha sawasawa na maswali ya mwalimu au mpangilio wa ubao. Tutashughulikia aina moja tu ya herufi, nayo ni ile nene, iliyobanwa ubavuni, isiyo na vijiguu, ambayo wanachuo huipenda kuliko zote kwa vichwa vya chati na mabango.

Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Katika shule moja ya msingi tulimkagua mwanachuo aliyefundisha somo la afya kwa kutumia chati yenye kichwa JIKINGE NA KIPINDUPINDU. Chati ilipendeza. Herufi zote, za kichwa na za maelezo, zilikuwa ndefu, nene na zilizosongamana, kama zile za mabango ya dukani. Mwanachuo alimwita msichana mmoja wa dawati la nyuma asome mstari wa tatu. Msichana alisimama, akatazama, akanyamaza. Aliulizwa tena, akanyamaza. Wenzake wakacheka, naye akaambiwa akae na awe anajitahidi. Katika fomu yetu tuliandika kwamba zana ni nzuri sana, na kwamba mwalimu aangalie wanafunzi wazito.

Baada ya kipindi tulikwenda kuketi katika dawati lile ili tumalize kuandika. Tulipoinua macho, nasi hatukuweza kuusoma mstari wa tatu. Herufi O, C na G zilikuwa kitu kimoja. B, R na P zilikuwa madoa meusi matatu. Msichana yule hakuwa mzito. Alikuwa ameulizwa kusoma kitu kisichosomeka, na sisi wakubwa wawili, mwanachuo na mkufunzi wake, tukamwaibisha mbele ya wenzake. Somo linaloelezwa hapa chini lilitokana na siku hiyo.

Asili ya herufi hizi

Mwalimu atazielewa vizuri herufi hizi akijua zilizaliwa kwa kazi gani. Herufi za vitabu vya Ulaya zilikuwa tangu kale na vijiguu, yaani vile vikanyagio vidogo vinavyoonekana mwishoni mwa fito za herufi. Mnamo mwaka 1816 mjini London, kiwanda cha William Caslon wa Nne kilionyesha katika orodha yake herufi kubwa za kuchapia zisizo na vijiguu, nazo huhesabiwa kuwa za kwanza za aina hiyo kutolewa na wasubu chapa. Katika miaka ya 1830 wasubu wengine wa Uingereza walizifuata, wakaongeza zilizo nene zaidi na zilizobanwa zaidi.

Sababu ilikuwa biashara. Miji ilijaa matangazo ya maonyesho, ya minada na ya safari, na kila mwenye tangazo alitaka neno lake lionekane kutoka ng'ambo ya barabara. Karatasi ilikuwa na upana wake usiobadilika. Aliyetaka herufi ndefu zaidi katika upana uleule hakuwa na njia ila kuzibana ubavuni. Aidha, herufi kubwa za madini zilikuwa nzito na za gharama. Mnamo mwaka 1827 Darius Wells wa New York alianza kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na tangu hapo herufi za kimo kikubwa zikapatikana kwa urahisi katika viwanda vya uchapaji vya Marekani.

Katika karne ya 20 aina hii iliendelea kuboreshwa. Mwaka 1903 Morris Fuller Benton wa American Type Founders alibuni Alternate Gothic, iliyotolewa kwa upana wa namna tatu ili mchapaji achague ule unaotosha nafasi yake. Mwaka 1957 ilitoka Univers ya Adrian Frutiger, ambayo jamaa zake hutambuliwa kwa namba: 55 ni ya kawaida, 65 ni nene, 57 imebanwa, na 67 ni nene iliyobanwa. Mwaka 1963 Fred Lambert alibuni Compacta kwa ajili ya Letraset, kampuni ya herufi za kubandika kwa kusugua. Mwaka 1965 Geoffrey Lee alibuni Impact, iliyotolewa na wasubu Stephenson Blake wa Sheffield. Hiyo ndiyo wanachuo wetu wanaikuta katika kompyuta nyingi hadi leo.

Katika historia hii yote jambo moja ni la kuzingatiwa: herufi hizi zilibuniwa kwa maneno machache, makubwa, ya kutazamwa mara moja. Hazikubuniwa kwa maelezo marefu. Anayeandika chati nzima kwa herufi hizi anaitumia jembe kukatia nyama.

Umbo lake

Tumeona kwamba wanachuo huelewa upesi tukiilinganisha herufi na nyumba. Fito zilizosimama tunaziita nguzo. Fito zilizolala tunaziita boriti. Uwazi uliomo ndani ya herufi, kama ule wa O au D, tunauita chumba. Pale chumba kinapofunguka kuelekea nje, kama katika C au G, tunapaita mlango.

Nguzo ikinenepa ilhali upana wa herufi haubadiliki, kinacholiwa ni chumba. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua H yenye upana wa sentimita 3. Nguzo zake mbili zikiwa na unene wa sentimita 1 kila moja, chumba hubaki na sentimita 1. Nguzo zikinenepa hadi sentimita 1.3, ongezeko ambalo jicho la mwandishi haliloni kuwa kubwa, chumba hubaki na sentimita 0.4 tu. Kwa mbali chumba hicho hufungika, na herufi hugeuka kipande cha wino. Ndivyo ilivyokuwa katika chati ya kipindupindu. Mwanachuo alidhani kwamba kadiri herufi inavyokuwa nene ndivyo inavyosomeka. Kwa kweli msomaji hutambua herufi kwa kuona weusi na weupe kwa pamoja. Weupe ukitoweka, weusi nao haumwambii kitu.

Kwa nini Kiswahili kinazihitaji, na kinazitahadhari

Maneno ya Kiswahili hurefuka kwa viambishi na kwa kuwa karibu kila silabi huishia kwa irabu. Ndiyo maana wahariri wa magazeti ya Kiswahili wamezitegemea sana herufi zilizobanwa katika vichwa vya habari. Tuchukue kichwa kilekile cha JIKINGE NA KIPINDUPINDU. Kwa herufi zenye upana wa sentimita 3, I ikiwa na sentimita 1, nafasi ya sentimita 1 kati ya herufi na sentimita 3 kati ya maneno, kichwa kinahitaji sentimita 77. Kwa herufi pana za sentimita 6, kinahitaji sentimita 125. Karatasi yenye upana wa sentimita 85 haiwezi kuchukua kichwa hicho cha pili katika mstari mmoja. Mwalimu angelazimika kupunguza herufi zote, na kimo cha sentimita 7 kingeshuka hadi karibu sentimita 4.3. Kwa hiyo kubana ubavu ni njia halali ya kulinda kimo.

Hata hivyo, zipo tahadhari nne zinazohusu lugha yetu hasa.

Kwanza, M na W hutokea mara nyingi mno kwa sababu ya viambishi vya ngeli: mwalimu, wanafunzi, miti, maji. Herufi hizi zina fito nne kila moja. Mwandishi akizilazimisha kuenea katika upana uleule wa H, huziba kabisa. Hazina budi kupewa upana zaidi.

Pili, katika herufi ndogo, a na e zina vyumba vidogo, nazo zimo karibu katika kila neno. Basi kwa kichwa cha chati ni salama zaidi kutumia herufi kubwa, mradi kichwa kiwe kifupi.

Tatu, pasipo vijiguu, I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hufanana. Andika neno Ili kwa herufi hizi, kisha lionyeshe kwa mbali: msomaji huona nguzo tatu zilizopangwa. Mtoto anayejifunza kusoma hana uzoefu wa kumsaidia kukisia.

Nne, kile kitone cha ng' kisisahauliwe. Katika herufi zilizosongamana hufichika kwa urahisi, na NG'OA ikasomeka NGOA. Kipewe nafasi yake, kama kipande chembamba cha nguzo kinachoning'inia juu.

Somo lenyewe

Somo hili ni la vipindi viwili vilivyofuatana, jumla dakika 80. Shabaha yake ni kwamba mwishoni mwanachuo aweze kueleza kwa nini herufi nene hufungika. Aweze kuchora herufi nene zilizobanwa kwa vipimo. Aweze kukadiria upana wa kichwa kabla ya kukiandika. Na aweze kuipima chati yake kutoka dawati la mwisho.

Vifaa ni karatasi za manila au magunia ya salfeti yaliyosafishwa, rula, penseli, ufutio, na kalamu nene za wino au brashi. Palipo na uhaba, karatasi za magazeti ya zamani zatosha kwa mazoezi.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mkufunzi aandae mapema kadi mbili zenye neno moja, mathalani BARABARA, kwa kimo kimoja na upana mmoja. Katika kadi ya kwanza nguzo ziwe sentimita 1. Katika ya pili ziwe sentimita 1.3. Azitundike mbele, na wanachuo wote wasimame nyuma ya chumba. Awaulize ipi ni rahisi kusomeka na kwa nini. Asitoe jibu. Wengine watasema kadi ya pili imeandikwa kwa kalamu nyeusi zaidi, hata kama kalamu ilikuwa ileile. Awaache wakaribie na wapime kwa rula wenyewe.

Hatua ya pili (dakika 15). Majina ya nguzo, boriti, chumba na mlango yafundishwe ubaoni. Kisha kiwekwe kipimo cha msingi: unene wa nguzo uitwe 1. Herufi ya kawaida iwe na upana wa 3, yaani nguzo, chumba, nguzo. Kimo kiwe 7. Herufi I iwe na upana wa 1. M na W ziwe na 5. Nafasi kati ya herufi iwe 1, na kati ya maneno iwe 3. Vipimo hivi si sheria ya wachapaji. Wao hubana nafasi zaidi. Ni vipimo vya darasani, vinavyompa mwanachuo usalama mpaka jicho lake likomae.

Hatua ya tatu (dakika 25). Wanachuo wachore miraba kwa penseli, kisha herufi kwa makundi matatu. Kundi la kwanza ni la herufi zilizonyooka: I, L, T, H, E, F, U. Katika E wataona kwamba kimo cha 7 hugawanyika vizuri: boriti 1, uwazi 2, boriti 1, uwazi 2, boriti 1. Kundi la pili ni la herufi zenye kona za mviringo: O, C, G, D, P, B, R, S, J. Hapa mkufunzi asisitize milango: mlango wa C na wa G ubaki wazi kwa vipimo 2 angalau. Kundi la tatu ni la herufi za mshazari: A, K, N, V, Y, Z, M, W. Fito za mshazari zinapokutana hujikusanya weusi. Kwa hiyo zipunguzwe unene kidogo pale zinapoungana. Boriti ya A ishushwe chini ya katikati ili chumba cha juu kisizibe.

Hatua ya nne (dakika 20). Kila mwanachuo achague kichwa cha somo analotarajia kufundisha, kisichozidi maneno manne, na akokotoe upana wake kabla ya kugusa wino. Katika mfano wetu, JIKINGE ni vipimo 23, NA ni 7, KIPINDUPINDU ni 41, na nafasi mbili za maneno ni 6, jumla 77. Karatasi ikiwa sentimita 85, kipimo kimoja kitakuwa sentimita 1, na kila upande utabakiwa na ukingo wa sentimita 4. Wanachuo wabadilishane madaftari na kusahihishana hesabu. Ni katika hatua hii tabia mbaya ya kuanza na herufi kubwa na kumalizia na herufi zilizobanana ukingoni hukomeshwa.

Hatua ya tano (dakika 10). Majaribio. Mwandishi wa chati hafai kuwa msomaji wake, kwa kuwa anajua tayari kilichoandikwa na akili yake hujaza pengo. Aitwe mwenzake asiyejua kichwa hicho, asimame kwenye dawati la mwisho, naye asome herufi mojamoja kutoka mwisho wa neno kurudi mwanzo. Akisoma kwa namna hiyo hawezi kukisia. Kila herufi atakayokosea itiwe alama na kuchorwa upya.

Makosa yanayojitokeza mara kwa mara

La kwanza ni lile tulilokwisha kulitaja, la kuandika chati nzima kwa herufi hizi. Kanuni tunayoitoa ni kwamba herufi nene zilizobanwa zikae katika kichwa tu. Maelezo yaandikwe kwa herufi nyepesi zaidi, zenye upana wa kawaida, kubwa na ndogo, kwa mistari michache. Maelezo yasipoenea, yapunguzwe maneno, yasibanwe herufi.

La pili linahusu kompyuta. Mwanachuo huchukua herufi ya kawaida na kuivuta kwa programu mpaka iwe nyembamba. Matokeo yake nguzo hukonda lakini boriti hubaki na unene wake wa awali, na herufi huonekana kama mtu aliyesimama baina ya milango miwili inayofungwa. Herufi iliyobanwa na mbunifu wake imerekebishwa kila sehemu ili iishi katika upana huo. Afadhali achague aina iliyobuniwa hivyo tangu mwanzo, kama vile Oswald ya Vernon Adams ya mwaka 2011, ambayo hupatikana bila malipo.

La tatu ni rangi. Herufi nene za njano juu ya karatasi nyeupe hazina faida ya unene wake. Nyeusi au buluu iliyokoza juu ya karatasi nyeupe yatosha. Rangi nyingine ziachiwe michoro.

La nne ni kuzitumia katika darasa la kwanza. Watoto wanaoanza kusoma wanahitaji herufi zenye vyumba vipana, zinazofanana na zile wanazofundishwa kuandika. Herufi zilizobanwa zingoje mpaka usomaji umekomaa.

Mazoezi kwa wasomaji

1. Kokotoa upana wa kichwa USAFI WA MWILI kwa vipimo vya hatua ya pili. Kisha tafuta kipimo kimoja kitakuwa sentimita ngapi katika karatasi yenye nafasi ya kuandikia ya sentimita 80.

2. Chukua chati moja uliyoitumia mwaka huu. Itundike mahali pake, nenda ukaketi dawati la mwisho, na uandike herufi zote zinazokutatiza.

3. Jadilianeni katika idara yenu: je, fomu ya ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha ina sehemu inayomtaka mkaguzi akae nyuma ya darasa na kuisoma zana?

Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja aliichora upya chati yake usiku uleule kwa mwanga wa taa. Kichwa alikibakiza kwa herufi nene, nguzo moja, chumba kimoja. Maelezo aliyapunguza kutoka mistari minane hadi minne. Kesho yake alimwita tena msichana wa dawati la nyuma, kwa upole, na kumwambia mbele ya wote kwamba jana kosa lilikuwa la mwalimu. Msichana alisimama akasoma mistari yote minne bila kukwama. Hapakuwa na aliyecheka.

Tungependa kuongeza kwamba mtoto asiyeweza kusoma hata chati iliyoandikwa vizuri apelekwe akapimwe macho kabla hajaitwa mzito. Lakini uchunguzi huo hauna maana iwapo chati yenyewe ndiyo kipofu. Kila mwalimu, kabla ya kumhukumu mwanafunzi wake, aende kwanza akaketi mahali anapoketi mwanafunzi huyo, na ainue macho.